Naibu Alipouliza Kuhusu Mvua

Naibu wa Mkuu wa shule yetu alikuwa na vikohozi viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kweli, cha vumbi la chaki na baridi ya Julai, na hicho hakikumsumbua mtu. Cha pili kilikuwa cha kazi. Alikitoa akiwa katika chumba cha walimu, mara mbili, kikavu, kama mtu anayegonga mlango wa choo kuuliza kama kuna mtu ndani. Walimu wakikisikia walijua kwamba mtu asiye mwalimu amekaribia, na mazungumzo yakakatwa hapo hapo. Kisha Naibu angeuliza kwa sauti ya mtu asiye na neno na mtu: "Kwani mvua ya mwaka huu mnaionaje?"

Na watu wazima wenye digrii wangeanza kujadili mvua.

Mama yangu aliwapikia chai walimu hao miaka mingi, na aliamini kabisa kwamba hakuna watu wanaopenda mvua kama wao. "Sijui wana mashamba wapi," angeniambia jioni tukiwa nyumbani Kangemi, akivua viatu. "Kila nikiingia na birika ni mvua. Hata Januari, jua linachoma mpaka mbwa wamelala chini ya magari, wao ni mvua tu." Tulicheka sana. Mimi nilikuwa naigiza kikao kizima: Naibu, mwalimu wa Hesabu anayejikuna shingo, na mwalimu wa Jiografia ambaye alichukulia swali kwa uzito na kutaja mawingu kwa majina yao. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Sicheki tena. Lakini ngoja niwaeleze juu ya mtu huyu vizuri, maana nikianza na hasira mtadhani alikuwa shetani mwenye tai. Tai alikuwa nayo, ya kahawia, fupi, inaishia juu ya kitovu. Shetani hakuwa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Shule yenyewe iko upande wa Mountain View, nyuma ya Waiyaki Way, na ina wanafunzi wa bweni na wa kutwa. Nilianza kumjua Naibu kabla sijavaa sare yake. Mama alinileta jikoni likizo zote, nikakaa juu ya gunia la maharagwe, na Naibu angepita, anitazame, aulize, "Kevo, leo umekula shule yangu kiasi gani?" Kisha angenipa kipande cha chaki. Nyumbani kwetu kulikuwa na chaki nyingi kuliko sukari. Nilipofika kidato cha kwanza nilidhani nimeingia kwa mjomba.

Alijua jina la kila mwanafunzi. Hakuwa wa "wewe kijana pale". Angesimama kwenye veranda, mkono mgongoni, na kukuita jina lako, la baba yako na la kijiji mnachokwenda Desemba. Mtoto akiugua, hakungoja gari la shule, maana gari la shule lilikuwa limeugua kuliko watoto. Alimbeba kwa gari lake la kijani, na kama jamu ya Westlands imeshika, aliteremka kuwaomba madereva wasogee, huku tai imemrukia begani.

Siku moja alinikamata nikimwigiza mbele ya darasa zima. Nilikuwa nimeingiza kitabu ndani ya shati kiwe kitambi, nimeweka mkono mgongoni, nasema, "Soksi! Soksi ni tabia!" Darasa likafa ghafla. Nikageuka, nikamkuta mlangoni. Alitazama kitambi, akatazama mkono.

"Mkono wa kushoto, Kevo," akasema. "Mimi hushika mgongo kwa mkono wa kushoto. Kama unafanya kitu, kifanye sawasawa."

Nikabadilisha mkono. Akatikisa kichwa, akaridhika, akanipa vyoo vya kidato cha pili nivioshe wiki nzima. Niambie wewe utamchukiaje mtu wa namna hiyo. Ilinichukua muda kujifunza.

Soksi, basi. Paredi ya Ijumaa ilikuwa yake. Mkuu wa shule alisimama kando kama picha ya ukutani, na Naibu akazungumza. Alizungumza juu ya soksi zilizoshuka. Alizungumza juu ya wanaokula wakitembea. Alizungumza juu ya kalamu nyekundu, kwamba si ya mwanafunzi. Jua lilipanda, watoto wa kidato cha kwanza wakaanguka mmoja mmoja, naye bado yuko kwenye soksi. Lakini ukimuuliza jambo lolote ambalo mtu alitaka kulijua kwa kweli, jibu lilikuwa neno moja: "Mtajulishwa."

Mabweni hayana maji tangu Jumatatu? Mtajulishwa. Mwalimu wa Fizikia amepotea katikati ya muhula? Mtajulishwa. Kwa nini polisi walikuja jana? Mtajulishwa. Na tulijulishwa, ndiyo, na mama muuza mandazi wa nje ya ua. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba mwalimu wa Fizikia alipata kazi nzuri Machakos na kwamba hakuaga mtu kwa sababu Naibu alimwomba asiwashtue wanafunzi. Tulinunua mandazi ili kupata habari. Wengine hatukuwa hata na njaa.

Nilipokuwa kidato cha tatu, katika somo lake la Biashara, alituchorea ngazi ubaoni. Juu kabisa akaandika Mkuu. Chini yake Naibu. Chini yake walimu, kisha viranja, kisha sisi, kwenye ngazi ya mwisho, karibu na sakafu.

"Habari hushuka," akasema, akigonga ubao. "Hairuki. Ikiruka inavunjika mguu."

Rafiki yangu Mutua, ambaye hakujaliwa uoga, akainua mkono. "Na wapishi, mwalimu?"

"Wapishi ni idara ya jikoni."

"Wako ngazi ya ngapi?"

Naibu alitazama mchoro wake. Nawaapia aliutazama, akatafuta mahali. "Kaa chini, Mutua," akasema.

Tukacheka. Hata mimi, mtoto wa mpishi, nilicheka.

Haya. Mwaka huo mgao wa maji ulikuwa mbaya upande wetu wote. Mifereji ilikohoa hewa tu. Shule ikaanza kuletewa maji na boza, lile lori la tangi, na yakamwagwa katika tangi kubwa jeusi nyuma ya jikoni. Tangi la mbele, la maji ya mvua, lilikuwa na maji kidogo, likafungwa kwa ajili ya dharura. Mama alipewa ufunguo wa lile la mbele na kuambiwa asilifungue mpaka aambiwe.

Shikeni hapo: mpaka aambiwe.

Wavulana wa bweni wakaanza kuumwa matumbo. Mwanzoni tulisema ni maharagwe, maana shuleni kila kitu ni maharagwe. Halafu wakaanza kutapika. Naibu akawabeba kwa lile gari la kijani, zamu baada ya zamu, viti vya nyuma vimetandikwa magazeti. Daktari wa zahanati ndiye aliyemwambia: ni maji. Msiguse tena maji ya lile boza.

Sasa fikiria. Huyu mtu anatoka kwa daktari, analijua jibu. Anarudi shuleni. Gari analiegesha wapi? Nyuma ya jikoni, kama siku zote. Dirisha la jikoni liko wazi, na mama yangu yuko pale, anajaza majagi ya maji ya kunywa ya chakula cha mchana. Angeweza kumwambia akiwa bado amekaa kwenye gari. Angeshusha kioo tu. Badala yake alimwinulia mkono kumsalimia, akaenda kumwona Mkuu, kwa sababu habari hushuka, na kabla ya kushuka lazima kwanza ipandishwe juu.

Mkuu akamwambia awajulishe walimu. Akawajulisha saa ya chai.

Yaliyotokea mle ndani sikuyaona. Nilisimuliwa baadaye na mwalimu wa mazoezi, kijana wa chuo aliyekuja kutufundisha Kiswahili muhula mmoja, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango. Alisema Naibu alisimama na kueleza vizuri sana. Tangi jeusi lina uchafu. Lisiguswe. Lifunguliwe la mbele. Alikuwa amefika kwenye neno "jikoni" mlango uliposukumwa, na mama akaingia na birika.

Naibu akakohoa mara mbili.

"Kwani mvua ya mwaka huu mnaionaje?"

Na wakajadili mvua! Mama akazunguka, kikombe kwa kikombe. Mwalimu wa Jiografia akasema dalili zipo upande wa Ngong. Mama akawaambia, "Ikuje tu walimu, tumechoka na haya maji ya boza." Kila mtu akatazama kikombe chake. Mama akatoka. Naibu akamalizia kwa kusema kwamba wanafunzi watatangaziwa kwenye paredi ya Ijumaa, ili wasipate hofu mapema, na kikao kikaisha.

"Kwa nini hukumwambia?" nilimuuliza yule mwalimu wa mazoezi.

"Nilidhani Naibu angemwambia."

"Na hao wengine?"

"Walidhani hivyo hivyo, Kevo. Na mimi nilikuwa mgeni pale."

Sikumtukana, kwa sababu alikuwa analia. Lakini nilitamani.

Kuanzia siku hiyo walimu walikuja na maji ya chupa. Mama aliwaona. Jioni akaniambia akicheka, "Walimu wako siku hizi wamekuwa watu wa maana. Kila mmoja na chupa yake kwapani kama wazungu wa Kitisuru." Nasi tukacheka. Kesho yake akajaza majagi. Kesho kutwa akajaza majagi. Tangi la mbele limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa aproni yake, anangoja kuambiwa.

Sisi wanafunzi, kwa kuwa hatukuambiwa kitu, tulijiambia wenyewe. Asubuhi ilikuwa paka amekufa ndani ya tangi. Saa nne walikuwa paka wawili. Kufikia chakula cha mchana alikuwa askari wa usiku, ambaye wakati huo huo alikuwa amekaa getini anakula muhindi wa kuchoma. Mutua alisema hizo zote ni porojo za watu wa kutwa, akanywa glasi mbili mbele yetu kuonyesha ubingwa.

Mutua alilazwa. Taifodi. Nilipokwenda kumwona shingo ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya kuku, na mzaha wote umemtoka. Mama yake alikuwa amekaa kando ya kitanda. Aliposikia mimi ni mtoto wa nani, aligeuza uso.

Ndipo nikajua jinsi jambo lilivyokuwa limeshatungwa. Redio ya asubuhi ilikuwa imetangaza kwamba kuna shule wanafunzi wanaugua, wazazi wakajaa getini, na Mkuu akahitaji mtu wa kubebeshwa lawama. Bodi ikakaa. Mama alivaa nguo yake ya kanisani. Alirudi nyumbani akanieleza neno kwa neno, na hakuongeza chumvi, kwa sababu mama yangu hajui kuongeza chumvi popote isipokuwa kwenye sufuria.

Mwenyekiti alimuuliza Naibu: "Agizo kuhusu tangi lilitolewa?"

"Lilitolewa."

"Lilitolewa wapi?"

"Katika chumba cha walimu, saa ya chai."

"Mpishi alikuwa ndani?"

"Aliingia, ndiyo. Alikuwa ndani."

Basi. Lione hilo jambo. Hakuna neno hata moja la uongo pale. Lilitolewa. Saa ya chai. Alikuwa ndani. Matofali matatu ya kweli na akajenga nayo nyumba ya uongo, mama yangu akafungiwa humo. Alipopewa nafasi ya kusema, mama alisema, "Mimi nilisikia mvua tu." Wajumbe wawili wakacheka. Naibu hakucheka. Alitazama soksi zake.

Mama akafutwa kazi kwa kupuuza agizo. Mimi nikahamia shule ya kutwa ya karibu na nyumbani, jambo ambalo halikuniuma sana, vyoo ni vyoo. Lililoniuma ni jina. Kila jikoni alikokwenda kuomba kazi, kuanzia Westlands mpaka mjini, waliuliza alipika wapi mwisho, na akishataja wanamtazama mikono. Mama ambaye alikuwa akiosha sukumawiki mpaka inataka kulia. Alianza kuuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, barabarani, na hata hapo kuna mtu alisema, "Si huyu ndiye alitilia watoto sumu?"

Kitu kimoja tu kingemwondolea hayo. Naibu aseme sentensi moja kwa mtu wa nje: hakuambiwa.

Nafasi ikaja mwaka uliofuata. Shule ndogo ya chekechea huko Kitisuru ilitafuta mpishi. Mwenye shule alimpenda mama, alikula chapati yake akafumba macho. Akamwambia wazi: "Nitawapigia ulikotoka nisikie upande wao. Halafu nitakupigia." Mama akarudi nyumbani anaimba. Akaanza kungoja simu. Siku zikapita, wiki zikapita. Alikataa kuipiga mwenyewe, asionekane msumbufu.

Na Jumamosi moja mchana, Westlands, nikitoka kutafuta kitabu cha mitumba karibu na mzunguko, nikamwona. Tai ile ile. Mkate kwapani. Nilitaka kuvuka barabara, lakini aliniita kabla sijageuka, jina langu na la baba yangu.

"Kevo! Umekuwa mrefu. Unaendeleaje na masomo?"

"Poa."

"Na mama?"

"Anangoja simu."

Sikujua kwa nini nilisema hivyo. Lakini uso wake ulibadilika, nami nikaona.

"Ya Kitisuru?" akauliza.

"Umejuaje?"

Akahamisha mkate kwapa la pili. "Yule mama mwenye shule alinipigia. Mtu mstaarabu sana."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia anipe muda. Unajua lile jambo ni la bodi, siwezi kulizungumzia hivi hivi. Nikasema nitashauriana na Mkuu kwanza."

"Ukashauriana?"

"Mkuu amekuwa na shughuli."

Watu walikuwa wanatupita huku na huku. Nikamsogelea. "Lini hiyo? Lini alikupigia?"

"Mwezi jana, mwanzoni."

"Na mama hukumwambia?"

"Sikutaka kumtia wasiwasi, Kevo." Akasema kwa upole, upole ule wa kuwafunika watoto blanketi kwenye gari lake. "Na kati yetu sisi wawili, mama yako hakuwa na kosa. Hakuambiwa. Sisi sote tunajua hakuambiwa."

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo mwaka mzima, na mtu huyu ameichukua akaimwaga kwenye lami, kwa mtu pekee Nairobi nzima ambaye hakuihitaji.

"Mpigie sasa," nikasema. "Huyo mama wa Kitisuru. Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Kevo, kuna utaratibu..."

"Mwalimu, nitapiga kelele. Unanijua. Nitapiga kelele hapa mpaka askari waje."

Ananijua. Akatoa simu, akavaa miwani, akatafuta namba polepole. Akapiga. Akajitambulisha vizuri, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za watoto, halafu, namshukuru kwa hilo, akasema: "Ni kuhusu yule mpishi. Hakuambiwa. Kosa halikuwa lake." Kisha akasikiliza. "Naam. Naam. Naelewa. Ahsante sana."

Akakata. Akavua miwani.

"Wamemchukua mwingine," akasema. "Wiki iliyopita. Anasema alingoja sana." Akanisogelea, akashusha sauti, kama tuko kwenye kikao. "Sasa, mama tumwambie vipi? Nafikiri tungoje kidogo. Pengine nafasi nyingine itatokea, halafu tumwambie zote mbili pamoja."

Nilikuwa nimeshatoa simu yangu. Akainua kiganja, akanifanyia ishara, polepole, polepole, kama anayesimamisha gari. Mama alishika kabla haijalia mara ya pili.

"Mama, ile kazi ya Kitisuru imeenda. Wamechukua mtu mwingine. Usingoje tena."

Nilisikia mvuke wa sufuria upande wake, na mtu akiomba aongezewe supu.

"Haya," akasema. "Afadhali nijue. Siku hizi zote nimekuwa nikioga na simu ndani ya karatasi ya nailoni, nimeitundika kwa msumari." Akapumua. "Nani amekuambia?"

Naibu alitikisa kichwa. Alitikisa sana, midomo ikisema hapana, hapana, bila sauti.

"Ni Naibu, mama," nikasema kwa nguvu, mpaka muuza magazeti akageuka. "Yuko hapa Westlands, amesimama mbele yangu. Walimpigia yeye mwezi jana wamuulize, akawaambia wangoje."

Supu iliacha kumiminwa.

"Mpe simu," mama akasema.

Nikamnyooshea. Aliitazama kama kitu cha moto, mkono mmoja umeshika mkate na mwingine umekwenda mgongoni. Hakuichukua. Basi nikasogea hatua moja nikamwekea sikioni mwenyewe, nikaishikilia hapo.